Umepungua, Sasa Jenga Misuli

Umepunguza kilo 30 au 40. Nguo zinapwaya, ngazi unazipanda bila kuhema, na mtaani kila mtu anakusifia. Lakini ukivua shati mbele ya kioo unaona mikono imesinyaa, kifua kimebonyea na ngozi inaning'inia. Mwili unaopungua hautoi mafuta peke yake. Ukijinyima chakula bila kunyanyua vyuma, kiasi cha robo ya uzito unaotoka huweza kuwa si mafuta, na misuli imo humo.

Misuli hiyo hujengeka upya, hata kwa mwenye umri mkubwa. Kinachowakwamisha wengi ni woga wa chakula: walishazoea kuikwepa sahani, na mazoea yaliyowapunguza ndiyo sasa yanawazuia kujenga.

Kula kwanza

Ongeza chakula kidogo kidogo mpaka uzito utulie kwa wiki kadhaa. Kisha hesabu protini. Kipimo kinachotumika sana kwa wanyanyua vyuma ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 70 analenga gramu 112 hivi. Si lazima ununue unga wa makopo. Mayai matatu, nusu lita ya maziwa, gramu 200 za maharage yaliyopikwa, gramu 150 za samaki au nyama iliyopikwa na gramu 50 za karanga vinakupa takribani gramu 100, na ugali au chapati vinajaza pengo. Igawe protini hiyo katika milo yote ya siku. Ugali, wali na viazi usivikimbie, maana ndivyo vinavyokupa nguvu ya kunyanyua.

Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari, na aliyepungua kwa upasuaji wa tumbo, wamwone daktari kabla ya kubadili chakula au kuanza tizi.

Siku tatu kwa wiki

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinatosha. Kila moja ya siku hizo piga mazoezi ya mwili mzima: kuchuchumaa na uzito, kuinua chuma kutoka sakafuni, kusukuma mbele, kusukuma juu ya kichwa, na kuvuta kuelekea kifuani. Fanya seti tatu za marudio 8 hadi 12, ukipumzika kama dakika mbili kati ya seti. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu, ila mgongo usipinde na chuma kisikuyumbishe.

Ukifikisha marudio 12 katika seti zote tatu, ongeza kilo mbili au mbili na nusu. Andika kila kitu kwenye daftari, kwa sababu asiyeongeza uzito au marudio hajengi. Huna pesa ya gym? Piga pushapu, ukianzia ukutani kama sakafuni ni pagumu. Jaza mchanga kwenye mkoba, au tumia vyuma vya kujitengenezea kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kutembea endelea nako. Kukimbia saa nzima kila siku punguza mpaka misuli ishike.

Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka kwa kuwa mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Unene wa misuli unaoonekana huchukua miezi. Lala saa saba au nane, maana misuli hujirekebisha unapopumzika.

Mizani isikutishe

Utaona umeongezeka kilo moja au mbili, na moyo utataka kurudi kwenye njaa. Usirudi. Misuli inayofanya kazi huhifadhi wanga, na kila gramu ya wanga huo hushika gramu tatu hivi za maji. Chukua futi ya fundi cherehani, upime kiuno, paja na mkono kila mwezi. Kiuno kikitulia huku paja na mkono vikiongezeka, unajenga. Kiuno nacho kikipanda mwezi baada ya mwezi, punguza chakula kidogo.

Ngozi iliyolegea hujazwa kiasi na misuli ya mikono na mapaja, lakini ya tumboni iliyovutika sana haiishi kwa mazoezi wala kwa losheni. Si uvivu wako. Ukifikiria upasuaji, subiri kwanza uzito utulie kwa miezi sita au zaidi.

Na atakayekuambia sindano itakufikisha haraka, mkatalie. Dawa za kutunisha misuli huumiza moyo na ini, na kwa wanaume husinyaza korodani na kupunguza mbegu za kiume. Subira iliyokupunguza kilo zote hizo bado unayo: kula vya kutosha leo, na kesho kutwa rudi kwenye chuma.