Dawa ya Deni ni Kulipa: Kurudisha Jina Jema la Mkopaji katika Bonde la Kilombero

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Ifakara, Kidatu, Mang'ula, Mlimba na vijiji vya jirani

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mkulima wa mpunga wa Mngeta aliyekopa kwa ajili ya trekta na palizi, mto ukapanda, shamba likaenda na maji. Ni cha mama lishe wa Kibaoni aliyechukua mkopo wa biashara akautumia kumuuguza mtoto. Ni cha dereva wa bodaboda mwenye vimkopo vitatu vya simu ambavyo hakumaliza, na cha mwalimu ambaye mshahara wake unaishia kwa wadai kabla haujafika nyumbani.

Kama ulikopa, ukashindwa kulipa, na leo kila mlango wa mkopo unaugonga bila kufunguliwa, soma hadi mwisho. Jina lililoharibika kwa deni linaweza kurudi. Halirudi kwa siku moja, na hakuna mtu wa kukurudishia kwa malipo. Linarudi kwa malipo yako mwenyewe, yanayofanyika kwa mpango na kuandikwa mahali yanapoonekana.

Deni la bondeni huzaliwa lini?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa kwetu harusi hiyo ina miezi yake. Mwezi wa 12 na wa kwanza ndipo fedha zinapotakiwa zote kwa pamoja: kulima, mbegu, vibarua, ada na sare za shule. Mpunga wenyewe unavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Katikati ya hapo mkononi hamna kitu, na ndipo mkopeshaji wa haraka anapobisha hodi.

Mavuno yakifika, kila mtu anauza wakati mmoja na bei inashuka. Aliyebanwa na deni hawezi kusubiri bei ipande. Anauza bei ya chini, analipa nusu, kisha msimu ujao anakopa tena. Mwaka ambao mto Kilombero au Lumemo umefurika, kama watu wa Mlimba na Malinyi walivyoonja mwaka 2024, hata hiyo nusu haipatikani.

Tunayasema haya ili ujue kwamba kushindwa kulipa hakumaanishi wewe ni mwizi au mzembe. Mara nyingi tarehe ya rejesho haikulingana na tarehe ya mavuno. Kosa la aina hiyo linarekebishika.

Jina lako linaandikwa wapi?

Muuza duka ana daftari. Ukichukua sukari kwa mkopo anaandika, ukilipa anakata mstari. Benki nazo zina daftari lao la pamoja. Kwa kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha kanzidata ya taarifa za mikopo, na benki na taasisi za fedha zinatakiwa kupeleka humo taarifa za wakopaji wao. Zipo pia kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu kuchakata taarifa hizo na kuandaa ripoti ya kila mkopaji. Mojawapo ni Creditinfo Tanzania.

Ukienda kuomba mkopo, mkopeshaji hutazama ripoti hiyo kwa kutumia utambulisho wako, kama vile namba ya NIDA. Anaona ulikopa wapi, kiasi gani, ulilipa kwa wakati au ulichelewa, na kama kuna mkopo uliokuwa chechefu, yaani uliopita muda mrefu bila kulipwa.

Jambo kubwa la kushika hapa ni kwamba daftari hilo huandika mema pia. Kila rejesho unalolipa kwa wakati linaingia. Mkopo wa zamani uliochelewa, kisha ukaumaliza, unasomeka tofauti kabisa na ule uliouacha wazi.

Hatua ya 1: Andika madeni yote

Chukua daftari. Andika kila anayekudai: benki, SACCOS, kikundi, mkopo wa simu, duka la pembejeo, jirani. Kwa kila deni andika ulichokopa, ulichokwisha kulipa, kilichobaki, riba, dhamana uliyoweka, na jina la mdhamini wako.

Fanya kazi hii pamoja na mwenzi wako. Deni linalofichwa ndani ya nyumba hukua, kwa kuwa mmoja anapanga kulipa huku mwingine anapanga kuezeka. Kwa watu wengi, jioni hiyo moja ndiyo ngumu kuliko hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Omba ripoti yako

Una haki ya kuona kilichoandikwa juu yako. Uliza katika tawi la benki yako utaratibu wa kupata ripoti ya taarifa za mikopo, au wasiliana na kampuni yenyewe ya kuchakata taarifa. Ukiipata, isome mstari kwa mstari ukitafuta mambo haya:

- Mkopo uliokwisha kulipa lakini bado unaonekana wazi.
- Mkopo usioujua. Huenda laini iliyosajiliwa kwa jina lako inatumiwa na mtu mwingine, naye amekopea.
- Mkopo wa mtu uliyemdhamini.
- Jina, tarehe ya kuzaliwa au namba ya utambulisho iliyokosewa.

Ukikuta kosa, andika barua kwa taasisi iliyotoa taarifa hiyo, ambatanisha risiti, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Taasisi inatakiwa kuchunguza na kusahihisha. Kama haikujibu, au hukuridhika na jibu, peleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina dawati la kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha.

Hatua ya 3: Nenda kwa anayekudai kabla hajakuita

Wengi wetu tunazima simu. Tunapita barabara ya nyuma ili tusikutane na afisa mikopo. Kila siku ya kujificha inaongeza faini, na inamfanya mkopeshaji aamini kwamba huna nia ya kulipa.

Nenda ofisini. Eleza kilichotokea bila kuficha, kisha toa pendekezo lenye tarehe na kiasi. Mkulima anaweza kusema: «Nadaiwa 600,000. Mpunga natoa mwezi wa sita. Kuanzia sasa hadi hapo naweza kulipa 20,000 kila mwezi kutokana na bustani, na baada ya kuvuna nitalipa 300,000. Kinachobaki nitamaliza mwezi wa 12, nikishauza gunia nilizohifadhi.» Hilo benki huliita kupanga upya mkopo. Si kila ombi litakubaliwa, lakini maombi yenye hesabu husikilizwa kuliko machozi matupu.

Makubaliano yakipatikana, yaandikwe na yasainiwe. Usiahidi kikubwa ili uondoke ofisini salama. Ahadi ndogo inayotimizwa inajenga jina, ahadi kubwa inayovunjwa inalibomoa mara ya pili.

Hatua ya 4: Panga nani alipwe kwanza

Huwezi kuwalipa wote kwa mkupuo. Tunashauri mpangilio huu:

1. Deni linaloweza kukupotezea nyumba, shamba au chombo cha kazi.
2. Deni lenye riba kubwa kuliko yote.
3. Vimkopo vidogo vya simu. Ni vyepesi kumaliza, na kila unapofunga kimoja unapata nguvu ya kuendelea.
4. Madeni mengine kwa kiasi sawasawa, bila kumsahau jirani aliyekuamini bila maandishi.

Ukilipa, dai risiti. Ukimaliza, dai barua inayothibitisha kuwa deni limekwisha, na baada ya muda hakikisha kwamba ripoti yako nayo inaonyesha hivyo. Karatasi hizo zihifadhi juu, mahali ambapo maji ya mafuriko hayafiki.

Hatua ya 5: Jenga upya, kidogo kidogo

Kulipa deni la zamani kunafunga kidonda. Imani mpya inahitaji ushahidi mpya.

Anzia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA au kinachofanana nacho. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambuliwa kisheria na vinasajiliwa kupitia halmashauri: Halmashauri ya Mji wa Ifakara kwa wakazi wa mjini, na Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba kwa wakazi wa upande wa huko. Nunua hisa kila wiki bila kukosa, hata kama ni moja. Daftari la kikundi ni shahidi wako. Kikundi kilichosajiliwa chenye wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kisha fungua akaunti, na mauzo ya mazao yapitie humo. Mkulima wa miwa wa Msolwa au Ruembe anayelipwa kupitia AMCOS tayari ana kumbukumbu nzuri ya kipato. Anayeuza kokoa Mbingu au mpunga Mchombe naye atunze stakabadhi zote za mauzo. Baada ya misimu miwili, karatasi hizo zinamweleza mkopeshaji jambo ambalo maneno yako hayawezi kulieleza.

Mwishowe, omba mkopo mdogo kutoka SACCOS au benki, mdogo hata ungeweza kuishi bila huo. Ulipe kabla ya tarehe. Rudia. Tarehe za rejesho zifuate mavuno. Usikubali marejesho ya kila wiki kwa mkopo wa shamba linalovunwa mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 6: Usirudi shimoni

*Mikopo ya kausha damu.* Mkopeshaji mdogo asiyepokea amana lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba yake isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukikopa 100,000 ukatakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi mmoja, hiyo ni asilimia 30. Omba kuona leseni kabla ya kusaini.

*Mkopo wa magunia.* Tupige hesabu ya mfano. Mwezi wa kwanza unapewa 200,000 na unakubali kutoa gunia nne mwezi wa sita. Kama gunia wakati huo ni 90,000, umelipa 360,000. Umeongeza 160,000 kwa miezi mitano. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, nyongeza isingezidi 35,000. Wenzetu wa Kagera wanaijua hasara hii kwa jina la butura, pale kahawa inapouzwa ingali maua.

*Mikopo ya programu za simu.* Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Mkopeshaji anayewatumia ndugu na marafiki zako ujumbe wa kukuaibisha anavunja haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda. Hifadhi ujumbe huo na utoe taarifa.

*Kadi na hati.* Usimkabidhi mtu kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Wengi wetu tulipata hati za hakimiliki ya kimila wakati wa mpango wa urasimishaji ardhi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Hati hiyo ni mali ya kizazi. Usiiweke dhamana kwa mkopeshaji asiye na leseni, na usiweke nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wako. Sheria inaitaka ridhaa hiyo.

*Wasafisha majina.* Yeyote anayekuambia umpe fedha akufutie taarifa za kweli kwenye kanzidata ni tapeli.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Naweza kufungwa kwa sababu nadaiwa?*
Deni la kawaida ni shauri la madai, si jinai. Lakini ukipata wito wa mahakama, usiupuuze, nenda ujieleze. Ukidanganya au kughushi nyaraka ili ukopeshwe, hilo ni kosa la jinai.

*Nilimdhamini rafiki, akakimbia. Deni ni la nani?*
Ulisaini, hivyo mkopeshaji anaweza kukudai. Zungumza naye mapema na uombe mpango wa malipo. Siku nyingine, dhamini kiasi ambacho ungeweza kukilipa mwenyewe.

*Nisubiri msamaha wa Serikali?*
Usisubiri. Hata Kenya, ambako Novemba 2022 Benki Kuu yao iliweka mpango wa kuwasaidia waliokwama na mikopo midogo ya simu, mkopaji alipunguziwa nusu kwa sharti la kulipa nusu nyingine.

*Itachukua muda gani?*
Kwa mkulima, hesabu misimu badala ya miezi. Msimu wa kwanza ni wa kukubaliana na kuanza kulipa. Wa pili ni wa kumaliza na kuweka akiba. Wa tatu, unaweza kukopa kidogo na kulipa kwa wakati.

Bandika ukutani

- Madeni yangu yote yameandikwa, na mwenzangu anayajua.
- Nimeiona ripoti yangu ya mikopo.
- Kila makubaliano yana saini, kila malipo yana risiti.
- Sisaini kwa mkopeshaji ambaye sijaiona leseni yake.
- Siuzi mpunga ukiwa shambani.
- Tarehe ya rejesho langu lijalo ni: ____________

Anza na mstari huo wa mwisho. Ujaze leo, kwa kiasi unachokiweza, na siku hiyo ikifika ulipe.