Dondoo muhimu: Kuchagua mfumo endeshi kwa kazi za kisayansi

Kijana wa Mwera anayechambua vipimo vya maji kujaa na kupwa pale Pangani asianze kwa kuuliza mfumo upi ni bora. Aulize kwanza programu za kazi yake zinataka nini. Python na R hukubali kote, iwe Windows, macOS au Linux, hivyo anayetumia hizo tu abaki na alichozoea. Modeli kubwa kama WRF ya utabiri wa hali ya hewa zimejengwa kwa Linux na jamaa zake. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 za TOP500, orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani, huendeshwa na Linux. Ukizizoea amri zake nyumbani, siku ukipewa nafasi kwenye mashine kubwa hutakuwa mgeni.

Una kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4? Weka Linux nyepesi, Xubuntu au Lubuntu; Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025. Faili la Linux hiyo ni GB kadhaa, litamaliza bando. Lipakue ukiwa Tanga mjini, liweke kwenye flashi, uijaribu Linux humo humo bila kugusa diski. Wi-Fi ikigoma, heri ujue mapema.

Mwenye GB 8 awashe WSL, yaani Linux ndani ya Windows. Naipenda kwa wanaoanza, maana Excel ya ofisini inabaki. Na ukiamua kuiweka Linux kwenye diski yenyewe, kabla ya kuigawa nakili data zote kwenye diski ya nje: umeme ukikatika katikati, vipimo vya miaka huenda vikapotea.