Droni Shambani: Haki ya Mkulima, Faragha ya Jirani na Mpaka wa Nchi



Somo letu la toleo hili linahusu droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ambayo sasa hutumika hata mashambani.

Faida zake kwa mkulima ni dhahiri. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi aina fulani ya mwanga usioonekana kwa macho yetu. Jani lililodhoofika kwa ugonjwa au ukame huurudisha kwa uchache. Kamera maalumu ya droni huitambua tofauti hiyo, na mkulima akatia dawa pale tu inapohitajika.

Hata hivyo, kamera haichagui. Inapopiga picha mahindi, huweza pia kunasa ua wa jirani, bafu lisilo na paa na watoto wachezao. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Uganda hulinda faragha ya mtu na makazi yake. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 humtaka mkusanyaji apate ridhaa ya mhusika, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu vinginevyo.

Sisi tuishio mpakani tuna jambo la ziada. Tuchukue mfano wa Busia, ambako Uganda na Kenya zimepakana. Mkulima akirusha droni upande huu, upepo mmoja waweza kuivusha ng'ambo. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 hukataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Undugu wa pande mbili, hata uwe wa damu, si kibali. Kosa dogo la mkulima laweza kudhaniwa kuwa ni upelelezi.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo:

1. Kabla ya kununua au kuingiza droni nchini, ulizeni masharti na vibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

2. Kabla ya kuirusha, mjulisheni mwenyekiti wa LC1, kituo cha polisi kilicho karibu na majirani: siku, saa na shamba husika.

3. Rusheni mbali na mpaka, na picha zisizohusu shamba zifutwe.

4. Mkiiona droni msiyoijua, msiipige mawe wala kumshambulia mwenyewe. Yaweza kuanguka na kumjeruhi mtu, na betri yake huweza kushika moto. Andikeni saa, mahali na upande ilikoelekea, kisha mtoe taarifa polisi.

Polisi hawapingi maendeleo ya mkulima. Lakini jirani aliyeambiwa mapema huitazama droni kama jembe jipya. Asiyeambiwa huiona kama jicho la adui. Taarifa ya siku moja kabla yaweza kuzuia ugomvi wa miaka mingi.