Daraja la Zamani la Nyali na Ushuru Wake

Mtu wa Kisegi, akaaye ukingoni mwa Ziwa Viktoria, haoni ajabu kumlipa nauli mwenye mashua. Chombo ni mali yake, na taabu ya kuvusha ni yake. Lakini daraja, katika mawazo ya wengi, ni sehemu ya barabara, na barabara ni ya watu wote. Hata hivyo palikuwako nchini Kenya daraja kubwa lililokuwa mali ya kampuni, na wenye magari walitozwa ushuru walipolivuka. Nalo ni daraja la zamani la Nyali, mjini Mombasa.

Mombasa ni kisiwa. Kwa upande wa kaskazini mashariki, hori ya Tudor hukitenga na bara ya Kisauni. Huko ng'ambo ndiko kuliko Kongowea, na Frere Town iliyoanzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na nchi ya Nyali. Zamani aliyetaka kwenda huko alivushwa kwa chombo. Ardhi nzuri ikikosa njia haina bei kubwa, na jambo hilo kampuni ya Nyali Limited ililifahamu vema. Basi likajengwa daraja, likaanza kutumika mwaka 1931.

Daraja hilo halikusimama juu ya nguzo kama madaraja mengine. Lilielea. Sehemu yake kubwa ililazwa juu ya vyombo vipana vilivyo wazi ndani, vilivyopangwa safu moja kukata maji. Kwa hiyo daraja lilipanda na kushuka pamoja na maji ya bahari. Wavuvi wa pwani wajua kwamba wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwa sababu hiyo ncha mbili za daraja zilihitaji njia zenye bawaba, ziwezazo kuinama. Maji yakijaa, gari lilipita karibu sawasawa. Yakipwa, liliteremka kutoka ukingoni kwenda darajani, kisha likapanda tena upande wa pili. Ufundi huo ulipunguza kazi ya kusimika nguzo katika kilindi, lakini ulidai uangalizi wa kila siku, maana chumvi ya bahari haina urafiki na chuma.

Desturi ya daraja la kulipia haikuzaliwa Mombasa. Wakati wa Malkia Viktoria, aliyetawala Uingereza tangu 1837 hata 1901, makampuni yalijenga madaraja na kudai malipo kwa wapitao. Mfano mmoja ni daraja la Albert juu ya mto Thames mjini London, lililofunguliwa mwaka 1873. Faida iliyotumainiwa haikupatikana, na malalamiko ya watu yalikuwa mengi. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1879, baraza la kazi za mji lililinunua na kuufuta ushuru. Vibanda vya watoza ushuru vimesalia pale pale, havina kazi. Limesalia pia tangazo liwaamrualo askari waache kwenda kwa hatua za pamoja wavukapo, kwa kuwa kishindo chao chaweza kulitikisa daraja.

Habari ya askari ilizuka Nyali pia, ila kwa sababu nyingine. Magari ya jeshi yalivuka, na ikaulizwa kama jeshi nalo lapaswa kulipa ushuru wa kampuni. Sheria ya kale ya Uingereza ilikuwa na kanuni kwamba mali ya mfalme haitozwi ushuru wa daraja. Je, kanuni hiyo ilifuata bendera mpaka Mombasa? Swali halikuwa jepesi, kwani ukanda wa pwani ulikuwa nchi ya Sultani wa Zanzibar, uliotawaliwa na Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895. Mashtaka yakafika London, katika Mahakama ya Rufaa mwaka 1955, na katika Baraza la Malodi mwaka uliofuata.

Shilingi zilizogombewa zimesahauliwa. Kinachosomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria ni mfano alioutoa Jaji Denning. Aliilinganisha sheria ya Uingereza na mwaloni, mti mgumu wa kwao, kama mvule ulivyo kwa seremala wa Afrika ya Mashariki. Alieleza kwamba mti huo ukihamishiwa Afrika hauwezi kubaki vile vile. Watakiwa kutunzwa, na matawi yasiyofaa kukatwa, ili watu wapate sheria waielewayo na kuiheshimu. Ni ajabu kidogo kwamba maneno hayo yalitoka katika ugomvi wa malipo ya darajani.

Ushuru wa Nyali uliendelea hata baada ya uhuru wa mwaka 1963. Ndipo mwaka 1980 likafunguliwa daraja jipya la zege, lenye njia sita za magari, na lile lililoelea likaachwa.  Lilikuwa limetumika kwa miaka 49.

Tangu 2022 Wakenya wanalipia tena njia, katika barabara ya juu ya Nairobi iliyojengwa na kampuni ya Kichina. Lakini chini yake ipo barabara ya zamani, ambayo asiye na fedha huipita bure. Mwenye gari aliyefika kwenye hori ya Tudor hakuwa na njia ya pili iliyo karibu.