Homoni ya mfadhaiko kwa mtoto njiti: kiwango cha kawaida ni kipi?

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37, huanza maisha kwa sindano, mipira na taa za wadi. Wazazi huuliza: mfadhaiko huo unaweza kupimwa, na kiwango cha kawaida ni kipi?

Homoni inayohusika ni kotisoli. Hutolewa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Mtoto akipata maumivu, baridi au ugonjwa, homoni hii huongezeka na kusaidia kuinua sukari na shinikizo la damu.

Kwa mtoto njiti, hakuna nambari moja ya kawaida. Kiwango hutegemea umri wa mimba, siku alizoishi, hali yake na dawa alizopewa mamake. Kwa mtu mzima, kotisoli hupanda asubuhi na kushuka usiku. Mtoto mchanga bado hajaupata mpangilio huo. Tena, kiwango cha chini si ithibati kwamba mtoto ametulia. Huenda tezi zake changa zimeshindwa kutoa homoni ya kutosha akiwa mgonjwa. Kwa hivyo si kila mtoto hupimwa, na anayepimwa, daktari husoma majibu pamoja na dalili nyingine.

Mzazi naye ana dawa yake: kifua. Malezi ya kangaruu yalianzishwa mwaka wa 1978 na Dkt. Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá, Colombia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa kati ya watoto wadogo walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, 12 kati ya 100 walifariki katika siku 28 za kwanza. Waliosubiri hadi hali itengemae, walifariki karibu 16. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kila siku.

Mvue mtoto nguo, umwachie nepi, kofia na soksi. Mlaze wima kifuani, ngozi kwa ngozi, uso ukiangalia upande, pua na mdomo wazi. Mfunge kwa leso. Mama akichoka, baba au nyanya ampokee. Joto la Pwani lisikudanganye: mtoto njiti hupoteza joto haraka, hasa akiwa na unyevu.

Akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida, akipoa au akiwa moto kupita kiasi, au akigeuka rangi kuwa samawati au manjano, usingoje kupambazuke. Mkazi wa Kisumu Ndogo, mfikishe Hospitali ya Malindi mara moja, na njiani aendelee kukaa kifuani pako.