Hampi hadi Vijayapura: Mwongozo wa Msafiri katika Nchi ya Wafalme Waliohasimiana

Katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, mito ya Krishna na Tungabhadra hutiririka ikikaribiana kabla ya kukutana, na ardhi iliyo kati yake, ambayo huitwa doab, yaani nchi ya mito miwili, iligombaniwa kwa zaidi ya miaka 200. Upande wa kusini ilitawala himaya ya Kihindu ya Vijayanagara, iliyoasisiwa na ndugu wawili, Harihara na Bukka, mnamo mwaka 1336. Upande wa kaskazini ulikuwapo usultani wa Bahmani, ulioanzishwa mwaka 1347 na Alauddin Hasan Bahman Shah baada ya uasi dhidi ya Delhi, ambao baadaye uligawanyika na kuzaa dola tano: Bijapur, Ahmadnagar, Golconda, Bidar na Berar. Msafiri aliyezoea kusikia kwamba uhasama huo ulikuwa vita vya dini mbili na si kitu kingine ana sababu nzuri ya kuyatazama majengo kwanza, kwa kuwa ushahidi wake ni tofauti na masimulizi hayo.

Safari ianzie Hampi, yalipo magofu ya mji mkuu wa Vijayanagara, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986. Treni humfikisha mgeni Hosapete, mji ulio umbali wa kilomita 13 hivi, na kutoka hapo basi au bajaji humaliza safari. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo inayofaa, kwani kuanzia Machi joto hupanda hata kupita nyuzi 40, na majabali ya matale yaliyozagaa kila upande huendelea kufukuta hata baada ya jua kutua. Magofu yametapakaa sana, kiasi kwamba siku mbili kamili ndicho kiwango cha chini. Viatu viwe vyepesi kuvua, kwa sababu hekalu la Virupaksha lingali mahali pa ibada hadi leo, na katika eneo hilo takatifu nyama na pombe haziuzwi.

Wageni wengi hukimbilia hekalu la Vittala, lenye gari la farasi lililochongwa kwa mawe, na ni haki yao, maana ufundi wake ni wa kustaajabisha. Hata hivyo, anayetaka kuelewa historia atagundua mengi zaidi katika makao ya kifalme. Jumba la Lotus Mahal lina matao ya mtindo wa Kiislamu chini ya paa linalofuata umbo la mahekalu, na mazizi ya tembo, yenye vyumba 11, yamefunikwa kwa makuba. Karibu nayo, kuta za nje za hekalu la Hazara Rama zimechongwa misafara ya tembo, askari na farasi, na farasi hao wana maana kubwa: waliletwa kwa meli kutoka Arabuni na Uajemi, na mfalme aliyepungukiwa nao hakuweza kuilinda doab.

Mahali pasipostahili kurukwa ni msikiti mdogo wa Ahmad Khan, ulio kaskazini-mashariki mwa makao hayo. Afisa huyo Mwislamu aliyemtumikia mfalme Deva Raya wa Pili aliujenga mwaka 1439, na maandishi yake yanaeleza kwamba thawabu za kazi hiyo alimtunukia mfalme wake, ambaye alikuwa Mhindu. Jengo halina mnara wala kuba. Ni ukumbi wa nguzo unaofanana na kumbi za mahekalu ya jirani, na mtu asiyeambiwa anaweza kuupita bila kujua kuwa ni msikiti. Wafalme wa Vijayanagara wenyewe walijiita masultani miongoni mwa wafalme wa Kihindu, cheo ambacho kinaonyesha waziwazi kwamba adui alikuwa pia kielelezo.

Mwaka 1520 mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara aliishinda Bijapur huko Raichur, ngome kuu ya doab, na himaya ikafikia kilele chake. Rama Raya, aliyeshika madaraka baadaye, alikuwa amewahi kumtumikia sultani wa Golconda, na kwa miaka mingi aliwachezea masultani kwa kuungana na mmoja dhidi ya mwingine, mpaka walipochoka, wakapatana, na kumshinda na kumuua katika vita vya Talikota mnamo Januari 1565. Mji mkuu uliporwa kwa miezi kadhaa. Nasaba ya kifalme ilihamia Penukonda, lakini haikurudi tena katika nguvu zake za awali.

Kutoka Hampi, mwendo wa kilomita 200 na ushei kuelekea kaskazini humfikisha msafiri Vijayapura, mji ulioitwa Bijapur hadi mwaka 2014 na ulionufaika sana na ushindi huo. Hapo pana Ibrahim Rauza, kaburi la Ibrahim Adil Shah wa Pili, sultani Mwislamu ambaye kitabu chake cha nyimbo, Kitab-i-Nauras, huanza kwa kumwomba Saraswati, mungu wa kike wa elimu na muziki. Msomaji wa Afrika Mashariki atavutiwa pia kujua kwamba Wahabeshi waliovushwa bahari kama watumwa walipanda vyeo katika dola hizi, na mmoja wao, Ikhlas Khan, alikuwa waziri mkuu wa Bijapur.

Waziri huyo alimtumikia Muhammad Adil Shah, ambaye kaburi lake, Gol Gumbaz, lina kuba lenye kipenyo cha takriban meta 38 kwa ndani, na roshani ya mzunguko ambamo mnong'ono wa upande mmoja husikika wazi upande wa pili. Inafaa kupanda ngazi za minara mapema asubuhi, kabla makundi ya wanafunzi hayajaingia na kuufunika mnong'ono kwa kelele. Jengo lilikamilika mwaka 1656. Miaka 30 baadaye Bijapur ikaangushwa, na aliyeiangusha alikuwa Aurangzeb, mfalme Mwislamu wa Kimughal.