Chumvi ya Bafa na Kipimo cha Selimundu

Wachumba wanaojiandaa kwa ndoa mara nyingi hushauriwa wakapime selimundu. Hurudi na karatasi yenye herufi AA, AS au SS, nasi tunaisoma kana kwamba mashine imeziona herufi zenyewe. Leo tutazame kinachotokea ndani ya mashine, maana herufi hizo hutegemea sana kiasi cha chumvi.

Njia mojawapo ya kupima ni kromatografia ya kimiminika. Chembe nyekundu za damu hupasuliwa, kisha himoglobini husukumwa ndani ya bomba jembamba lililojaa punje zenye chaji hasi. Yenye chaji chanya zaidi hunata zaidi. A na S zinatofautiana kidogo mno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chaji zao si sawa. Mwaka 1957 Vernon Ingram akaeleza sababu: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, S ina valini isiyo na chaji. Kwa hiyo S hunata kuliko A.

Sasa bafa. Kazi yake ya kwanza tunaijua tangu sekondari: kuzuia pH isiyumbe. Ya pili husahaulika. Ioni za chumvi yake, kama sodiamu, hugombania nafasi kwenye punje, mithili ya abiria na viti vya daladala. Zikiwa chache, himoglobini hukaa. Zikiongezeka, himoglobini hubanduka, iliyonata kidogo ikitangulia. Ndiyo maana mashine huanza na bafa hafifu na kuiongezea nguvu polepole: hutoka F, kisha A, kisha A2, na S nyuma yao. Ukianza na bafa kali, zote hutoka kwa mkupuo. Ukibaki na hafifu, S huchelewa, na hata ikitoka huwa imesambaa.

Tatizo ni kwamba mashine huitambua himoglobini kwa muda inapotoka. Chupa ya bafa ikiachwa wazi, maji yakapungua, chumvi huzidi na himoglobini hutoka mapema; moja yaweza kusomwa kwa jina la nyingine. Hivyo maabara makini hupitisha kwanza damu ambayo majibu yake yanajulikana, na jibu lenye utata huthibitishwa kwa njia nyingine. (Aliyeongezewa damu karibuni aseme kabla ya kupimwa, kwa kuwa A ya mchangiaji itaonekana.)

Wachumba wote wawili wakiwa AS, katika kila ujauzito kuna uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mwenye SS. AS iliyosomwa AA huwanyima habari hiyo wakati bado wana nafasi ya kuzungumza.